Ushahidi wa Divai Changa

Kila Aprili, mji wa Bordeaux ulioko kusini magharibi mwa Ufaransa hupokea wageni waliokuja kuonja kitu ambacho hakijawa tayari. Zabibu zilivunwa Septemba na Oktoba iliyotangulia. Juisi yake imekwisha kuchacha, imetiwa kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 225, na humo itakaa mwaka mzima au zaidi kabla haijaingia kwenye chupa. Wanunuzi, waandishi na madalali hawangoji siku hiyo. Huzunguka shamba kwa shamba, kuanzia Margaux kupanda hadi Saint-Estèphe, kisha huvuka mito kwenda Saint-Émilion na Pomerol, wakionja divai yenye umri wa miezi sita. Majuma machache baadaye bei huanza kutangazwa, na wateja wa London, Hong Kong na New York hulipia chupa ambazo hazijajazwa.

Utaratibu huu, ambao Wafaransa huuita en primeur, umezungumzwa sana kama biashara na mara chache kama maarifa. Inafaa kuutazama kwa upande huo wa pili. Divai changa ina jambo moja ambalo divai iliyokomaa hulipoteza: haijalainishwa na miaka, kwa hiyo hueleza kinagaubaga mwaka wake ulikuwaje. Mvua ilinyesha lini, joto lilibana kiasi gani, mkulima alivuna kwa utulivu au kwa hofu ya dhoruba, yote hayo yamo kwenye glasi na hayajafunikwa. Mwonjaji anayepanga mezani divai za miaka mitatu minne mfululizo ana ushahidi mkononi. Tatizo huanza pale anapotakiwa kuugeuza ushahidi huo kuwa utabiri.

Kazi yenyewe inachosha mwili. Divai nyekundu changa ya Bordeaux ina rangi ya zambarau iliyokoza, inayoganda kwenye meno na kingo za midomo. Inapoingia kinywani huja tunda kwanza, kisha uchachu, halafu ukakasi wa tanini unaokausha ulimi na fizi. Aliyewahi kula bibo lisiloiva sawasawa, huko Mtwara au Kilifi, anaujua mkamato huo: tanini hushikana na protini za mate, kinywa kikabaki kikavu ingawa kimelowa. Tanini za divai hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kiasi kidogo kwenye mbao za pipa. Miaka inavyopita huungana zenyewe kwa zenyewe na pia na chembe za rangi, huwa kubwa, na nyingine huzama chini ya chupa zikawa mashapo. Rangi huhama kutoka zambarau kwenda wekundu wa tofali, na ukakasi hupungua.

Mwonjaji stadi hauhesabu ukakasi kuwa kasoro. Huuliza ni wa namna gani. Tanini iliyoiva hutanda kinywani kote kwa usawa na kuondoka polepole. Tanini mbichi hukwaruza pembeni mwa ulimi na kuacha uchungu wa mbegu iliyotafunwa. Huuliza pia kama tunda lipo la kutosha kuuhimili ukakasi huo, na kama uchachu una nguvu ya kuibeba divai miaka kumi au ishirini ijayo. Maswali haya yanajibika Aprili. Lakini yapo mengine yanayomchezea. Katika miezi ya kwanza bakteria hugeuza asidi ya maliki, ile iliyomo ndani ya tufaha bichi, kuwa asidi ya laktiki iliyo laini zaidi. Kazi hiyo ikiwahi kwenye pipa moja na kuchelewa kwenye jingine, sampuli mbili za shamba lile lile zinaweza kutofautiana sana Aprili na zisitofautiane kabisa ifikapo Septemba. Mwaloni mpya nao hutoa harufu za vanila, moshi na mkate uliookwa, ambazo katika divai changa huwa bado zimekaa juu ya tunda na hazijachanganyika nalo.

Sampuli zenyewe ni dhaifu. Hutolewa kwenye mapipa kabla divai haijachujwa wala kukingwa kwa ajili ya safari, na ikikaa wazi saa chache huanza kuchoka. Mara nyingine mchanganyiko wa mwisho wa aina za zabibu haujaamuliwa, na kinachomiminwa ni makisio ya mtengenezaji. Mwonjaji hupitia sampuli kadhaa ndani ya saa moja na mamia ndani ya wiki, akitema kila funda kwenye ndoo. Hata akitema, tanini hurundikana, na divai ya arobaini haipati kinywa kile kile kilichopokea ya kwanza. Ndiyo maana mpangilio wa kuonja una uzito wake: nyepesi kabla ya nzito, na mapumziko ya maji na mkate katikati.

Mashamba yenye majina makubwa kabisa, kama vile Lafite Rothschild, Margaux na Mouton Rothschild, hayapeleki sampuli kwenye kumbi za pamoja. Mwonjaji huzifuata nyumbani kwao, ndani ya maghala yaliyopangwa mapipa mapya safu kwa safu. Kwingineko, muungano uitwao Union des Grands Crus de Bordeaux, wenye wanachama zaidi ya 130, hukusanya divai za wanachama wake mahali pamoja, na kwa miaka mingi waandishi wamepewa nafasi ya kuonja humo bila kuona lebo.

Kuficha lebo si ukaidi. Mwaka 2001 watafiti Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wanafunzi 54 wa elimu ya divai katika Chuo Kikuu cha Bordeaux. Wanafunzi hao walipewa divai nyeupe, na baadaye wakapewa divai nyeupe ile ile iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Ya kwanza waliieleza kwa maneno ya vitu vyeupe na vya manjano, ile ya pili wakaieleza kwa maneno ya matunda mekundu na meusi. Jicho lilikuwa limekwisha kuiambia pua inuse nini. Ikiwa rangi peke yake inaweza kufanya hivyo kwa watu waliosomea kazi hiyo, jina la Lafite likiandikwa mbele ya mwonjaji lina uwezo mkubwa zaidi.

Hata hivyo udhaifu huo hauifuti thamani ya kulinganisha. Kinachoyumba ni daraja ambalo mwonjaji huipa divai moja akiitazama peke yake. Divai ishirini za mwaka mmoja zikikaa mbele yake, na kando yake ishirini za mwaka uliotangulia, tofauti hujitokeza zenyewe, na watu wasiokubaliana kuhusu kipi ni kizuri hukubaliana kuhusu kilichotokea.

Miaka minne iliyofuatana, 2021 hadi 2024, inatosha kulionyesha jambo hili.

Mwanzoni mwa Aprili 2021 jalidi ilishuka karibu Ufaransa nzima, usiku baada ya usiku, ikaunguza machipukizi yaliyokuwa yamewahi kutoka kwa sababu ya joto la Machi. Wakulima waliwasha mioto na makopo makubwa ya nta katikati ya mistari ya mizabibu. Wengine walikodi helikopta ziisukume hewa ya vuguvugu irudi chini. Huko Bordeaux kiangazi kilichofuata kilikuwa cha baridi na unyevu, na ubwiri vinyoya ukashambulia majani na vichala. Merlot, aina ya zabibu inayowahi kuiva, ilikutwa na mvua za Septemba. Cabernet Sauvignon ilipewa muda hadi Oktoba. Kwenye glasi, divai za mwaka huo zilikuwa nyembamba, zenye uchachu ulio wazi na kileo cha asilimia 12.5 au 13. Baadhi yake zilinuka pilipili hoho, dalili ya Cabernet ambayo haikuiva kikamilifu. Wapo wazalishaji waliorudia desturi ya zamani ya kuongeza sukari kidogo kabla ya kuchachusha.

Mwaka 2022 ulikuja kinyume kabisa. Joto lilifululiza tangu Mei. Julai misitu ya misonobari ya Landiras na La Teste-de-Buch iliwaka, zaidi ya hekta 20,000 zikateketea, na Landiras haiko mbali na mashamba ya Graves na Sauternes. Zabibu zilikuwa ndogo, zenye maganda manene na maji machache, na uvunaji ulianza mapema kuliko kawaida. Wengi walitazamia divai nzito yenye ladha ya tunda lililopikwa. Waonjaji wa masika ya 2023 walikuta tanini nyingi kweli, na kileo cha asilimia 14 na zaidi, lakini pamoja navyo uchangamfu ambao hawakuutegemea. Maelezo ya wakulima wengi yalifanana: ukame ulianza mapema, mizabibu ikapunguza ukuaji wake kidogo kidogo na kuzoea, tofauti na 2003 ambapo joto la Agosti liliishtua ghafla.

Mwaka 2023 ulitoa hadithi yenye sura mbili. Juni ilikuwa ya joto na unyevu pamoja, hali ambayo ubwiri vinyoya huipenda kuliko zote, na Merlot ikaumia kuliko Cabernet. Aliyechelewa kupuliza dawa siku mbili tatu alipoteza sehemu kubwa ya mavuno. Jirani yake aliyewahi aliokoa karibu yote. Kisha mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba jua likawaka kwa nguvu, likaivisha kilichobaki. Divai za mwaka huo ziko katikati: zina kina kuliko za 2021, na hazina uzito wa 2022. Tofauti kati ya shamba na shamba ni kubwa kuliko kawaida, na ukimwuliza mwonjaji mwaka ulikuwaje, jibu la kweli linahitaji atajiwe kwanza ni shamba gani.

Mwaka 2024 mvua haikukoma. Maua mengi hayakushika, vichala vikawa na zabibu zisizolingana, ubwiri ukarudi, na Septemba ikanyesha tena wakati wa kuvuna. Mavuno yalikuwa haba. Waliopata divai nzuri waliipata kwa kuchambua punje kwa punje na kukubali kutupa mengi. Matokeo yake ni divai nyepesi, zenye kileo cha chini na tunda bichi lililo safi, zinazofanana na Bordeaux iliyojulikana kabla ya miaka ya joto kuwa jambo la kawaida.

Mtu asiyejua lolote kuhusu hali ya hewa ya Ufaransa, akionjeshwa divai hizi nne kwa mpangilio, angeweza kusema ni mwaka gani ulikuwa mkavu na upi ulikuwa wa maji. Huo ni uwezo mkubwa kuwemo ndani ya kinywaji. Unawezekana kwa sababu huko zabibu huvunwa mara moja tu kwa mwaka: majira ya baridi huulaza mzabibu, na kila kilichotokea kati ya chipukizi la Aprili na kichala cha Septemba huishia kwenye pipa moja. Dodoma, ambako baridi ya kuulaza mzabibu haipo na mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka kwa kufuata kupogoa, tarakimu ya mwaka kwenye lebo haiwezi kubeba hadithi ya namna hiyo.

Ulinganisho mwingine ni ule wa ndani ya mwaka mmoja. Ukingo wa kushoto wa mito ya Bordeaux, yaani Médoc na Graves, una changarawe nene iliyosukumwa na mito tangu kale. Changarawe hupitisha maji upesi na kutunza joto, na Cabernet Sauvignon huipenda. Ukingo wa kulia, Saint-Émilion na Pomerol, una mfinyanzi na mawe ya chokaa yanayohifadhi unyevu, na huko Merlot ndiyo inayotawala. Divai ya shamba la Petrus, juu ya kilima chake cha mfinyanzi, ni Merlot karibu tupu. Mvua ile ile ya Septemba 2021 iliyapata mashamba yote, lakini haikuyafanyia jambo moja. Kiangazi kile kile cha 2022 kiliikausha changarawe na kuuacha mfinyanzi na akiba. Mwonjaji akihama siku moja kutoka Pauillac, huko Médoc, kwenda Pomerol anaonja ardhi mbili zikijibu swali moja. Hapo ndipo kuonja divai changa kunakuwa elimu ya kweli, kwa sababu divai ikishafika miaka thelathini majibu hayo huwa yamekaribiana, yote yakielekea kwenye harufu za mwerezi, ngozi na majani makavu.

Lakini soko halikuitisha elimu hiyo. Liliitisha namba.

Madalali wa Bordeaux wamepanga divai kwa fedha tangu zamani. Mwaka 1855 Napoleon III alipotaka divai bora za eneo hilo ziorodheshwe kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya Paris, kazi hiyo walipewa wao, na kipimo chao kikuu kilikuwa bei ambazo divai hizo zilikuwa zikiuzwa. Orodha ya madaraja matano waliyoitoa ingali inatumika, na badiliko lake kubwa katika zaidi ya karne moja na nusu ni Mouton Rothschild kupandishwa hadi daraja la kwanza mwaka 1973. Hata leo mashamba mengi makubwa hayauzi moja kwa moja. Dalali husimama kati ya shamba na mfanyabiashara wa jumla, na mfanyabiashara huisambaza divai duniani.

Kisha akaja Robert Parker, mwanasheria wa Maryland, Marekani, aliyeanzisha jarida lake mwaka 1978 na kutumia alama mia. Masika ya 1983 alizionja divai za 1982 zikiwa mapipani, akazisifu kwa nguvu zote. Waandishi wengine wa Marekani, Robert Finigan akiwa mmoja wao, waliziona ni za tunda mno, zisizo na mfupa wa kuishi muda mrefu. Miaka ilimpa Parker haki: divai bora za 1982 zilidumu, na waliomsikiliza walipata faida kubwa. Tangu hapo, kwa karibu miongo mitatu, bei za masika zilingoja alama zake, na wapo wazalishaji waliotengeneza divai ya kumpendeza, yenye zabibu zilizoiva kupita na mwaloni mpya mwingi.

Ushindi huo wa 1982 ulifundisha watu somo lisilo sahihi. Ulionekana kuthibitisha kwamba kinywa stadi kinaweza kuona miaka thelathini mbele. Kumbukumbu za miaka mingine zinasema vinginevyo. Divai za 1975 zilipokuwa changa zilikuwa na tanini kali, na wengi walichukulia ukali huo kuwa ahadi ya maisha marefu. Nyingi kati yake zilikaa ghalani zikingojwa zilainike, na tunda likaisha kabla ya ukakasi. Mei 1976 Steven Spurrier aliwakusanya waamuzi wa Kifaransa mjini Paris waonje divai za Bordeaux na Burgundy pamoja na za California bila lebo, na kwa upande wa divai nyekundu Stag's Leap ya California, ya 1973, ikawa ya kwanza. Waliotetea Bordeaux walijibu kwamba divai zao za 1970 na 1971 zilikuwa changa mno, na kwamba muda ungezirudishia heshima yake. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Mwaka 2006, miaka thelathini kamili baadaye, divai zile zile nyekundu zilionjwa tena, na nafasi tano za juu zote zilikwenda California. Ya kwanza ilikuwa Ridge Monte Bello ya 1971.

Waonjaji makini wanaujua ugumu huu, na wameuingiza kwenye namna yao ya kuandika. Divai iliyo kwenye pipa hupewa alama za kati ya namba mbili, tuseme 94 hadi 96, na alama kamili hungoja chupa. Desturi hiyo ni ya uaminifu, lakini biashara huchukua namba ya juu na kuibandika kwenye tangazo. Bei nayo hufuata mambo ambayo hayamo kwenye glasi kabisa. Divai za 2008 zilitolewa sokoni masika ya 2009, katikati ya msukosuko wa fedha duniani, zikauzwa kwa bei zilizoshushwa. Mwishoni mwa 2010, Lafite Rothschild ilitangaza kwamba chupa zake za 2008 zitakuwa na alama ya Kichina ya nane, tarakimu ya bahati njema kwa Wachina, na bei yake ikaruka. Divai iliyokuwamo haikuwa imebadilika.

Shamba la Château Latour lilijitoa kwenye en primeur mwaka 2012. Lilitangaza kwamba halitauza tena divai ikiwa pipani, na kwamba litatoa chupa pale tu litakapoona zimefikia hatua ya kunyweka. Wengi walitazamia mashamba mengine makubwa yalifuate, lakini mengi yamebaki kwenye utaratibu wa zamani, kwa kuwa fedha za masika huendesha shamba wakati divai ingali ghalani. Kwa mnunuzi, hesabu imebadilika katika miaka ya karibuni: bei za 2023 na 2024 zilishushwa, kwa sababu wateja walikuwa wameona mara nyingi chupa wanazolipia mapema zikipatikana dukani baadaye kwa bei ile ile au chini yake.

Ufaransa ina namna nyingine ya kuonja divai changa, isiyodai utabiri wowote. Kila Alhamisi ya tatu ya Novemba, Beaujolais Nouveau hufunguliwa usiku wa manane, ikiwa na umri wa majuma machache tu tangu mavuno. Zabibu zake za Gamay huingizwa kwenye matangi zikiwa vichala vizima, ndani ya gesi ya kaboni dioksidi, hivyo kuchacha huanzia ndani ya punje yenyewe. Rangi hutoka, matunda hutoka, tanini kidogo sana hutoka. Zabibu hiyo iliwahi kudharauliwa: mwaka 1395 Philip, mtawala wa Burgundy, aliamuru Gamay ing'olewe katika himaya yake. Leo divai yake ya Novemba mara nyingi hudharauliwa tena, mara hii na waonjaji wa divai nzito. Wanakosea kuipita. Inapoonjwa kando ya Nouveau ya mwaka uliotangulia, kama rafiki mmoja amekumbuka kuweka chupa, Gamay ya mwaka wa joto hujitofautisha na ya mwaka wa mvua papo hapo, na hakuna anayelazimika kukisia itakuwaje mwaka 2045.

Ushahidi wa namna hii unazidi kuwa na thamani kadiri hali ya hewa inavyobadilika. Mwaka 2019 Thomas Labbé na wenzake walichapisha kumbukumbu za tarehe za kuvuna zabibu katika mji wa Beaune, Burgundy, kuanzia 1354 hadi 2018. Hadi mwaka 1987 uvunaji ulianza kwa wastani tarehe 28 Septemba. Tangu 1988 umeanza kwa wastani siku 13 mapema. Tarehe zimehifadhiwa kwenye madaftari ya mji na ya kanisa. Ladha haikuhifadhiwa popote, isipokuwa kwenye maandishi ya watu walioonja divai ikiwa changa na kuandika kwa usahihi walichokutana nacho. Mwonjaji wa masika ya 2022 aliyeandika kwamba Cabernet ya 2021 ilinuka pilipili hoho na ilikuwa na asilimia 12.5 ameacha kumbukumbu ya hali ambayo huenda ikawa adimu. Bordeaux yenyewe inajiandaa kwa hilo: mwaka 2021 mamlaka za Ufaransa ziliruhusu aina sita mpya za zabibu, zikiwemo Touriga Nacional ya Ureno na Marselan, zipandwe kwenye hadi asilimia 5 ya shamba na kuingia kwenye hadi asilimia 10 ya mchanganyiko. Ili kujua zitaigeuza vipi ladha ya Bordeaux, lazima kuwepo maelezo ya kina ya ladha iliyotangulia.

Maelezo hayo kwa sasa yana pengo kubwa. Divai zinazoonjwa Aprili ni mamia machache, na eneo la Bordeaux lina maelfu ya wazalishaji. Katika Entre-Deux-Mers, kati ya mito Garonne na Dordogne, wakulima wanaouza divai ya kawaida ya mezani wamekuwa wakikata tamaa kwa sababu mauzo yameshuka Ufaransa na China, na tangu 2023 mpango unaoungwa mkono na serikali umewalipa wakulima wang'oe maelfu ya hekta za mizabibu. Mashamba hayo yalipigwa na jalidi ile ile ya 2021 na ubwiri ule ule wa 2023 na 2024, mara nyingi bila fedha za kuchambua punje kwa punje wala mapipa mapya ya kuufunika ubovu. Divai yao changa ingeeleza mwaka waziwazi kuliko zote. Waonjaji wanaokuja masika na madaftari yao wangeweza kutenga asubuhi moja, wavuke Garonne, wakae na wakulima hao kwenye meza moja na kuandika kwa uangalifu ule ule wanaoupa Pauillac na Pomerol, kabla mistari mingine ya mizabibu hiyo haijang'olewa.